Somo la Sita: Kukimbia Peke Yako, na Bidhaa Zinazouzwa kwa Jina la Usalama

Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalihusu bidhaa ambazo mlaji huzitumia ndani ya nyumba yake. Somo hili linatoka nje, barabarani, alfajiri. Linamhusu mtu anayeamka kabla ya jua, akafunga kamba za raba na kwenda kukimbia bila mwenzi: mwalimu wa Kabasa wilayani Bunda ambaye ana nafasi kabla ya kengele ya shule tu, mfanyabiashara wa Musoma aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, kijana wa Butiama anayejiandaa kwa mbio ndefu za Moshi. Mtu huyo ni mlaji kama walaji wengine. Anauziwa vizibao vya kuakisi mwanga, tochi za kichwani, filimbi, ving'ora vya mkononi, programu za simu, dawa za kupuliza za pilipili na mafunzo ya kujihami ya siku moja. Kila kimoja huuzwa kwa ahadi ileile, kwamba ukikinunua utakuwa salama.

Baadhi ya bidhaa hizo zina manufaa na tutaeleza namna ya kuzipima kabla ya kulipa. Lakini hakuna hata moja inayoweza kushika nafasi ya jambo ambalo haliuzwi dukani, nalo ni kufahamika: awepo mtu anayejua uko wapi, watu wa njiani wajue wewe ni nani, na dereva akuone mapema. Mlaji atakayeanza na hilo atanunua vichache na vitamfaa.

Kilichopotea tulipoacha mchakamchaka

Wengi wetu tulijifunza kukimbia katika mchakamchaka wa shule. Tulikimbia kwa mistari, kiongozi akianzisha wimbo na sisi tukiitikia, na kijiji kizima kilijua kwamba watoto wa shule wanapita. Hakuna aliyetuambia kwamba ule ulikuwa ulinzi, lakini ulikuwa ulinzi kamili. Tulionekana, tulisikika, na aliyeanguka aliinuliwa na aliye nyuma yake. Hata Mwalimu Nyerere, alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba 1967 kuunga mkono Azimio la Arusha, hakuwa peke yake. Alifuatana na watu, na vijiji vilijua anakuja.

Mkimbiaji wa peke yake ameyaacha hayo yote kwa mara moja, mara nyingi kwa sababu nzuri. Ratiba yake haifanani na ya wengine, au mwendo wake haufanani. Hatumlaumu. Tunamshauri ayarejeshe yale yanayowezekana, moja baada ya jingine, na la kwanza ni mtu wa kumngoja.

Kumwambia mtu "naenda mazoezini" hakutoshi. Maneno hayo hayana njia wala saa, na hayamwambii msikilizaji afanye nini. Taarifa inayofaa husikika hivi: "Mama, naenda hadi barabara ya lami kisha narudi kwa njia ileile. Nitakuwa nyumbani saa 1 na robo. Ikifika saa 1 na nusu hujaniona, nipigie. Nisipopokea mara mbili, mwamshe kaka aje na pikipiki kwa njia hiyo." Taarifa hiyo ina njia moja, saa mbili na kitendo kimoja, na haigharimu hata shilingi. Ukibadilisha njia ukiwa katikati, tuma ujumbe mfupi kabla ya kukata kona. Mtu anayekutafuta katika njia uliyoiacha anakupotezea muda ambao pengine huna.

Unayekimbia gizani unaonekana kuwa nani

Katika vijiji vya Mara, ambako wizi wa mifugo umewasumbua watu kwa miaka mingi, mtu anayekimbia gizani haonekani kuwa mwanamichezo. Anaonekana kuwa mtu anayekimbia kitu. Walinzi wa jadi, sungusungu, hawana sababu ya kujua kwamba wewe unajiandaa kwa kilomita 21. Jambo hili halipatikani katika vitabu vya mazoezi vinavyotoka nje, ingawa huko nje nako limetokea. Tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana Mmarekani mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa mmoja wa jimbo la Georgia. Wanaume watatu waliomshuku kuwa mwizi walimfuata kwa magari na mmoja wao akampiga risasi akafa. Wote watatu walitiwa hatiani kwa mauaji. Hakuwa na kitu chochote mikononi.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kutumia njia mpya, ipitie mchana kwa mguu. Salimia. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa walinzi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa fulani, ninakaa pale. Nitakuwa napita hapa alfajiri siku tatu kwa wiki kwa mazoezi." Ukimkuta mlinzi gizani, punguza mwendo, tembea, toa sauti ya salamu ukiwa bado mbali, na mikono yako ionekane. Dakika moja utakayoipoteza kwenye saa yako ya mazoezi ni bei ndogo. Na watu hao hao waliokujua kwa salamu ndio watakaotoka ukipiga yowe.

Kuhusu yowe, tunasisitiza neno moja. Ukishambuliwa, usipige kelele ya "Mwizi!" Piga "Nisaidieni!" na taja mahali ulipo. Neno "mwizi" huita kundi lenye mawe kabla halijaita msaada, na kundi lililokuja gizani haliwezi kutofautisha anayekimbizwa na anayekimbiza. Kumuua mtu kwa kundi ni mauaji mbele ya sheria, hata kama aliyeuawa aliiba kweli.

Kuonekana na dereva

Jua la Mara huchelewa. Kwa kuwa tuko magharibi ya Dar es Salaam, linachomoza kwetu takriban dakika 20 baadaye, kati ya saa 12:20 na saa 1:00 asubuhi kutegemea mwezi. Anayetoka nyumbani saa 11 na nusu anakimbia karibu saa nzima katika giza. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, inayopita Bunda, haijalala saa hizo. Kuna malori, mabasi yanayowahi, na bodaboda ambazo baadhi yake zina taa moja au hazina kabisa.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua kwamba kilicho mbele yake ni mtu, gari limeshakwenda mita 33 na mguu wake ndio kwanza unafika kwenye breki. Kwa sababu hiyo kimbia upande wa kulia wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukikimbia kushoto gari litakalokugonga hutaliona. Magari mawili yakipishana mbele yako, shuka kwenye majani usubiri.

Sasa kizibao, ambacho wengi hukiita reflekta. Kina sehemu mbili zenye kazi tofauti, na wauzaji wengi huzichanganya. Rangi kali ya manjano au chungwa hufanya kazi mchana tu, kwa sababu inahitaji mwanga wa jua. Usiku rangi hiyo haina msaada wowote. Kinachofanya kazi gizani ni zile tepe za kijivu, ambazo zikiwa halisi hurudisha mwanga wa taa kulekule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva. Tepe bandia ni plastiki ya kijivu tu. Ukiziangalia dukani mchana zinafanana kabisa.

Ninayeandika somo hili nilikifahamu hicho kwa kuchelewa. Nilinunua kizibao kwa bei ambayo ilinifurahisha, nikakivaa miezi miwili nikijiona nang'aa. Asubuhi moja bodaboda ilinipita kwa umbali wa kiwiko, na dereva aliposimama aliniuliza kwa hasira kwa nini nakimbia gizani bila reflekta. Nilikuwa nimeivaa. Jioni hiyo niliipima, na ningeweza kuipima siku ya kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi na kila mlaji anaweza kumwomba muuzaji ruhusa ya kukifanya. Kitundike kizibao mahali penye giza: stoo, chumba kilichofungwa madirisha, nyuma ya duka jioni. Rudi nyuma hatua kumi. Washa tochi ya simu na uishike pembeni ya jicho lako, usawa wa sikio, kisha imulike tepe. Tepe halisi itawaka kama jicho la paka. Sasa ishushe tochi hadi kiunoni huku ukiendelea kutazama. Mwako utapungua sana, kwa sababu mwanga unarudi kwenye tochi na si kwenye jicho. Tepe isiyobadilika, iliyo na kijivu kilekile tochi ikiwa juu au chini, ni pambo. Vizibao vya wafanyakazi wa barabarani hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 20471, na lebo nzuri hutaja kiwango hicho pamoja na idadi ya mara ambazo kizibao kinaweza kufuliwa, kwa maana tepe huchoka kwa kufuliwa. Lebo pia hughushiwa. Kipimo cha tochi hakighushiwi. Kirudie kila baada ya miezi michache.

Ukipata nafasi ya kuchagua, tepe ndogo zinazofungwa kwenye vifundo vya miguu zina faida kuliko zile za kifuani. Mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba huyo ni mtu. Tepe ya kifuani inaweza kudhaniwa kuwa kibao cha barabarani.

Mbwa, kiboko na tembo

Hatari ambayo mkimbiaji wa vijijini atakutana nayo mara nyingi zaidi ni mbwa. Ukimkimbia, unamwalika akufukuze. Simama. Geuka ubavu, usimkazie macho, sema naye kwa sauti nzito na ya chini, weka kitu kati yako na yeye, hata chupa ya maji au fulana, kisha rudi nyuma polepole. Akikuangusha, jikunje na ufunike shingo na masikio kwa mikono.

Ukiumwa, hata mchubuko mdogo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 zisizopungua, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema ugonjwa huzuilika. Usitibiwe kwa mwenye duka la dawa baridi, na usingoje kuona kama mbwa atakufa. Utafiti wa miaka mingi katika wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti umesaidia kuonyesha kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa ugonjwa huu. Kwa hiyo siku ya chanjo ya mbwa inapotangazwa kijijini, mkimbiaji asiye na mbwa naye ana sababu ya kuwahimiza majirani.

Kando ya Ziwa Victoria viboko hutoka majini usiku kula majani na hurudi alfajiri, saa ileile unayokimbia. Kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hushambulia, naye ana mbio kuliko wewe. Njia ya ufukweni ichukue jua likishatoka. Na katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, ukisikia usiku watu wakipiga madebe kufukuza tembo mashambani, siku hiyo pumzika.

Kelele inayouzwa kwenye pakiti

King'ora cha mkononi ni kifaa kidogo chenye pini, ukiivuta kinalia. Pakiti nyingi huandika "desibeli 130" kwa herufi kubwa. Mlaji aulize: zimepimwa kwa umbali gani? Sauti inayotoka kwenye kitu kidogo hupungua desibeli 20 kila umbali unapoongezeka mara kumi. Kama zile 130 zilipimwa sentimita 10 kutoka kwenye kifaa, basi kwa mita 1 ni 110, kwa mita 10 ni 90, na kwa mita 100, ambako ndiko iliko nyumba ya jirani, ni 70 tu, nazo bado hazijapunguzwa na upepo wala miti. Namba iliyo kwenye pakiti si ya uongo, lakini haisemi unachotaka kujua.

Hiyo haina maana kwamba king'ora hakifai. Kelele ya ghafla humshtua mshambuliaji aliye karibu na kumtia hofu ya kuonekana. Kijaribu dukani kabla ya kulipa, uliza aina ya betri na kama inapatikana Bunda au Musoma, na kibebe mkononi. Kikiwa ndani ya mfuko wenye zipu hakitakusaidia. Filimbi ya shilingi chache haina betri ya kuisha, lakini inahitaji pumzi, na mtu aliyekimbia kilomita sita akashtuliwa hana pumzi nyingi. Mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, achague baada ya kujaribu vyote viwili akiwa anahema.

Kuhusu dawa ya kupuliza ya pilipili, tuna shaka nayo zaidi. Katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwa mojawapo, kuimiliki ni kosa la jinai, na anayeiagiza mtandaoni husahau kwamba sheria inayomhusu ni ya mahali alipo, si ya mahali iliponunuliwa. Kabla ya kuagiza, uliza kituo cha polisi. Pili, upepo wa ziwa hauchagui upande, na dawa uliyoipuliza inaweza kurudi usoni mwako. Kisu tunakikataa kabisa. Silaha unayoibeba bila mafunzo ni silaha unayompelekea mshambuliaji.

Bidhaa ya umeme isiyofanya kazi iliyoahidiwa si bahati mbaya ya mnunuzi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa kazi iliyotajwa iweze kuifanya kazi hiyo. Dai risiti ya EFD hata kwa kitu cha elfu tano. Bila risiti, mlalamikaji ana hadithi tu.

Simu

Simu ni kifaa bora kuliko vyote vilivyotajwa, kwa sharti kwamba ina chaji na salio. Namba 112 ni ya dharura ya Polisi na unaweza kuipiga bila kufungua simu kwa nywila. WhatsApp inaruhusu kumwonyesha mtu mmoja mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 1, mchagulie yule anayekungoja nyumbani, na kumbuka kwamba bando likiisha au mtandao ukipotea, picha ya mwisho itabaki pale ulipokuwa. Ujumbe mfupi wa maneno hupenya mahali ambapo bando halifiki. Hedifoni weka sikio moja tu, la upande usio wa barabara, au ziache nyumbani.

Nyumbani kabla ya yote, bonyeza *#06# na uandike kwenye daftari namba tambulishi itakayotokea. Simu ikiibwa, namba hiyo ndiyo itakayotajwa katika taarifa ya polisi na kumwezesha mtoa huduma kuifungia. Na akitokea mtu anayetaka simu, mpe. Itupe pembeni, nawe ukimbilie upande mwingine.

Programu za kurekodi mbio zina upande wa pili. Mwezi Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia iliyotolewa na Strava, iliyochorwa kutokana na mbio za wateja wake, ilikuwa inaonyesha njia za mazoezi za askari ndani ya kambi za kijeshi. Kama kambi ilionekana, mlango wa nyumba yako nao unaonekana: ni pale mistari yote inapoanzia. Fungua mipangilio, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na matokeo yako yaone marafiki tu. Usitangaze mbio ukiwa bado unakimbia.

Mshambuliaji unayemjua

Tumesema kufahamika ni kinga. Ni lazima tuseme pia kwamba wapo wachache ambao kwao kufahamika ni hatari.

Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1, huko Herzogenaurach, Ujerumani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenzi wake, nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku nne baadaye mjini Eldoret. Wanawake hawa walikimbia maelfu ya kilomita katika barabara za milimani bila kudhuriwa. Kilichowaua kilikuwa nyumbani.

Hatusemi kwamba mgeni hadhuru. Ashling Murphy, mwalimu wa miaka 23, aliuawa na mtu asiyemjua akiwa mazoezini kando ya mfereji huko Tullamore, Ireland, Januari 2022, alasiri, mchana kweupe. Tunachosema ni kwamba kizibao na filimbi vimetengenezwa kwa ajili ya mgeni, na mlaji anayeviamini pekee ameliacha wazi lango jingine. Mtu unayemjua akianza kukungoja njiani bila mwaliko, akijua saa zako kuliko ulivyomwambia, au mwenzi akitaka kujua kila kilomita na kushika kila shilingi ya ushindi, badilisha saa na njia, mwondoe katika programu zako, na umweleze mtu mwingine. Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi hupokea taarifa kabla ya jeraha. Si lazima ungoje upigwe.

Mikono, na mpaka wa sheria

Mafunzo ya kujihami yana ushahidi, yakiwa mafunzo kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu vitatu vya Kanada waligawanywa makundi mawili. Waliopata saa 12 za mafunzo, mwaka mmoja baadaye asilimia 5.2 walikuwa wamebakwa. Waliopewa vipeperushi tu, asilimia 9.8. Mengi waliyofundishwa hayakuwa ngumi. Yalikuwa kutambua dalili mapema, kukataa kwa sauti bila aibu hata kwa mtu wanayemjua, na kupambana ikibidi. Basi mlaji anapoona tangazo la "kozi ya siku moja, hakuna atakayekushinda", aulize saa ni ngapi, kama kuna mazoezi ya sauti, na kama mwalimu anafundisha kutoroka. Mwalimu anayeonyesha jinsi anavyopiga yeye tu anauza maonyesho.

La kufanyia mazoezi nyumbani ni moja. Akikushika kifundo cha mkono, usivute moja kwa moja. Tafuta mahali kidole gumba chake kinapokutana na vidole vingine. Hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Zungusha mkono wako kuelekea pengo hilo na uvute kwa nguvu ya mwili mzima huku ukipiga yowe, kisha kimbia kuelekea kwenye watu na taa. Fanyeni na ndugu yako mara ishirini, polepole kwanza. Na mtu akitaka kukupeleka mahali pengine, msituni au ndani ya gari, hapo ndipo pa kupinga kwa nguvu zako zote.

Sheria iko upande wako hadi mahali fulani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, kwa nguvu ya kadiri inayohitajika kwa ulinzi huo. Mshambuliaji aliyekimbia au aliyelala chini haendelei kukushambulia. Ukirudi kumpiga jiwe, kesi imebadilika na mshtakiwa ni wewe.

Ukijeruhiwa, matibabu na taarifa polisi huenda pamoja. Omba fomu ya PF3, lakini jeraha linalohatarisha maisha litangulie hospitali. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo kabla ya kuchunguzwa, na afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Hakuna swali la kwa nini alikuwa peke yake ambalo anawajibika kulijibu.

Zoezi

Chora kwenye karatasi njia unayokimbia mara nyingi. Tia alama nyumba tatu ambazo ungekimbilia ukiwa hatarini, na uandike jina la mtu anayeishi katika kila moja. Nyumba ambayo hukuweza kuiandikia jina, ipitie Jumamosi mchana, upige hodi.